Ng'ombe wa Nane Aliyekunywa Samli

Kwako Mama mkwe, ambaye uso wako sikuwahi kuujua,

Ungekuwa hai, barua hii ningekusomea nikiwa nje ya uzio wa matete, wewe ukiwa ndani umenipa mgongo, na katikati yetu ndama amesimama kama mkalimani wa mahakama. Sasa umelala juu ya kilima chako, nami nimeketi dukani kwangu hapa Kitshanga. Mvua inapiga mabati. Wateja wamejibanza kwenye baraza za wenzangu, nami nimefunga mlango nusu ili wadhani nimekwenda kula. Kuna neno nilipaswa kukuambia zamani sana, na nimelichelewesha mpaka masikio yako yamefungwa.

Lakini unanijua. Mimi mtu wa Butembo, mfanyabiashara. Sitaji bei kabla ya kusalimia. Ngoja nianze na mepesi.

Unakumbuka siku nilipowaletea mashine? Ukoo wa marehemu mume wako ulitaka ng'ombe wanane ili nimwoe Solange. Saba niliwapata kwa jasho langu. Wa nane alinishinda. Mwaka ule njia zilikuwa mbaya, ukimswaga ng'ombe kutoka kilima kimoja hadi kingine hujui atafika mikononi mwa nani. Nikafikiri kama watu wa duka wanavyofikiri. Nilikuwa na mashine mpya ya kukata majani, ya kusukuma, magurudumu mawili, wembe mbele na injini ndogo ya esansi, yaani petroli, juu yake. Nilijua pia kwamba ng'ombe wako hawakutoka tena kwenda malisho ya mbali kwa ajili ya usalama, kwamba majani yalikatwa na kuletwa zizini, na kwamba mkono wako wa kulia, tangu ulipoanguka na jerikani la maziwa, haukushika tena mundu vizuri. Nikasema moyoni: huyu ndiye ng'ombe wa nane.

Baba Mkubwa Zakaria, kaka wa marehemu na msemaji wa ukoo, aliizunguka ile mashine mara tatu. Akainama, akaitazama chini kama anayekagua kiwele.

"Hii meno yake iko wapi?" akauliza.

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, maana nilikuwa naogopa. Kisha akatoa hukumu yake.

"Sawa. Tutaihesabu ng'ombe. Lakini ng'ombe ya mali ya ndoa tunaiangaliaka mwaka muzima. Ikikufa mbele ya mwaka kuisha, utaleta ingine yenye kupumua. Na mutoto wetu Solange atarudia kwa mama yake mupaka siku ile ng'ombe itafika."

Watu wakacheka tena. Solange hakucheka. Alikuwa anamjua baba yake mkubwa. Mzee huyo hatanii mambo ya ng'ombe.

Halafu ikaja shida ya mafunzo. Kwenu, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani. Wengi wameiacha desturi hiyo, siku hizi wanapeana mikono mlangoni mwa kanisa na kuulizana habari za watoto. Wewe hukuiacha. Ukiniona njiani ulikuwa unaingia katikati ya mahindi ya watu, ukabaki huko mpaka nipite. Nilikuwa nimepanga Solange ajifunze kwangu, kisha akufundishe wewe. Lakini mimba yake ya kwanza ilimlaza kitandani, hakuweza kupanda kilima. Ikabidi nije peke yangu, nikasimama nje ya uzio wako na mashine yangu kama mgonjwa aliyekosa daktari.

Ndipo nikasikia sauti yako kwa mara ya kwanza.

"Gaju, uliza ule muntu: hii mashine inaanza kukunywa nini?"

Nilitazama kulia, nikatazama kushoto. Gaju alikuwa ndama wako mwekundu, na wakati huo alikuwa anatafuna pindo la suruali yangu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nikakohoa, nikajinyoosha, nikamwambia ndama:

"Gaju, ambia Mama: mbele ya yote aiweke pahali pa sawasawa, isiiname. Afungue hiki kifuniko, atoe hii fimbo ndogo, aipanguse, airudishe, aitoe tena. Oili inapaswa kuwa kati ya alama mbili."

"Gaju, uliza: na ikipita alama ya juu?"

"Itatoa moshi sawa jiko ya kuni mubichi."

"Na ikikosa kufika ya chini?"

"Ambia Mama: ile siku itakuwa matanga. Chuma itakula chuma."

Chini ya uzio kulikuwa na nafasi ya shubiri moja, na hapo niliona viatu vyako vya mpira, vyeusi, vimeoshwa vikang'aa kuliko viatu vyangu vya Jumapili. Miaka yote niliyokuwa mkwe wako, viatu hivyo ndivyo vilivyokuwa uso wako. Nilijua ukifurahi vinasimama vimeachana kidogo, na ukikasirika vinabanana.

Tukaendelea hivyo asubuhi nzima. Nilikuwa nikiisukuma mashine hadi kwenye pengo la lango, nahesabu hatua ishirini, nageuka, nakupa kisogo. Wewe unatoka, unagusa nilichokueleza, unarudi ndani, unamwita Gaju. Nimefundisha watu wengi kuwasha injini, lakini wewe peke yako ndiye niliyekufundisha kwa kisogo. Nililazimika kusikiliza. Nilisikia kifuniko cha tangi kikizunguka, nikajua umekifunga vizuri. Nilisikia kijiti cha kuzibia hewa kikigonga, nikajua umekumbuka kwamba asubuhi ya baridi injini haitaki hewa nyingi. Kisha kamba. Nilikuwa nimemwambia Gaju kwamba kamba haivutwi kwa hasira. Unaivuta taratibu mpaka uione imekuwa nzito, ndipo unatoa nguvu zako zote mara moja. Ulitumia mkono wa kushoto. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu ikanguruma, na mkalimani wetu akapandisha mkia, akakimbia hadi bondeni.

Ulicheka, Mama. Nilikuwa nimekupa kisogo na nilitamani sana kugeuka.

Baada ya hapo uliijua ile mashine kuliko wateja wangu wote wanaojiita mafundi. Nilifikiri nitakufundisha usafi. Kumbe mtu aliyefukiza na kuosha vibuyu vya maziwa maisha yake yote hafundishwi usafi na mwuza vipuri. Ulichuja esansi kwa kitambaa cheupe kabla ya kuimimina, kama unavyochuja maziwa, na kitambaa hicho hukukichanganya na kingine. Hukujaza tangi wakati injini ingali moto. Kabla ya kukwangua majani yaliyoganda kwenye wembe ulikuwa unachomoa kwanza waya wa buji, ile plagi ya kuwashia, ili cheche isije ikaiamsha mashine vidole vyako vikiwa ndani. Chujio la hewa ulilifungua kila jioni, ukalikung'uta vumbi na manyoya ya ndama. Nilikuonya kupitia kwa Gaju usiipeleke kwenye mteremko mkali, kwa sababu oili inakimbilia upande mmoja na upande mwingine unabaki mkavu. Ukajibu: "Gaju, ambia ule muntu, hapa kwetu Mungu alisahau kuweka pa sawasawa." Lakini ulitii. Ulikata kwenye tuta lile moja lililokaa kama meza, na kwingine uliendelea na mundu kwa mkono wako mbovu.

Sasa nafika kwenye lile neno.

Injini mpya inapoanza kazi hujikwangua yenyewe, na unga wa chuma huingia kwenye oili. Kwa hiyo oili ya kwanza haikai sana, inamwagwa mapema. Nilikupa hesabu: kila tangi moja likiisha, tia punje moja ya maharage kwenye kopo. Kopo lilipofikia idadi, nilikuja uzioni nikamwambia Gaju: "Ambia Mama, siku ya posho asubuhi, injini ikiwa na joto kidogo, amwage oili yote. Ile chafu apake miguu ya uzio, mchwa haitakula tena. Mimi nitafika ile siku mangaribi na chupa mupya."

Chupa hiyo ilikuwapo, Mama. Zilikuwa kumi na mbili zimepangwa kwenye rafu yangu, hapa hapa ninapoandikia. Ningeweza kukuachia moja siku ileile. Sikukuachia kwa sababu mtu wa duka akitoa kitu kabla hakijahitajika anahisi kama ametolewa damu. Nikasema nitaleta mwenyewe siku hiyo ya posho, Jumamosi.

Siku ya Jumatano nikaitwa Pinga kupeleka mzigo kwa pikipiki. Nikaenda. Alhamisi njia ikafungwa kwa risasi. Nikakaa Pinga wiki tatu, nalala juu ya magunia ya mwenyeji wangu, nala mihogo, simu haishiki. Nilikuwa na wasiwasi juu ya mke wangu na mimba yake, nilikuwa na wasiwasi juu ya duka. Jumamosi ilipita kama siku nyingine. Oili yako haikunijia kichwani hata mara moja.

Wewe ulifanya kama nilivyosema. Jumamosi asubuhi uliimwaga yote, ukapaka miguu ya uzio mpaka tone la mwisho. Ukaningoja.

Njia ilipofunguka nilipita nyumbani nikamwona Solange mzima, nikachukua chupa, nikapanda kilima. Majirani watano, sita, walikuwa langoni kwako wakingoja maziwa. Mashine ilikuwa mahali pake pa kawaida, chini ya kibanda. Nikashika kamba kuijaribu. Haikuja. Nikavuta kwa mikono miwili, ikakataa kana kwamba mtu ameishikilia kwa ndani. Mwaka haujaisha na ng'ombe wangu amekufa. Mawazoni nikamwona Solange akipanda kilima kurudi kwenu, na begi lake kichwani. Nikafungua kifuniko cha oili, nikatazama, nikaingiza kidole. Kikatoka na kitu cha manjano, kigumu, chenye harufu ya jikoni.

Samli.

Hapo ulimi wangu, ambao hauna mfupa, ukasimama kama una mfupa.

"Jamani, mukuye muone! Iko mafuta ya ng'ombe ndani ya injini! Muntu analisha chuma samli sawa mwanamuke mwenye kuzaa! Huyu mama anafikiri hii ni nyungu?"

Walicheka. Mmoja alicheka mpaka akaweka kibuyu chake chini. Chini ya uzio niliviona viatu vyako vyeusi. Vilikuwa vimebanana. Kisha vikaondoka, polepole, na sikusikia ukimwita Gaju.

Sikuuliza kwa nini. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Sikujiuliza hata kwa nini mwanamke anayechuja esansi kwa kitambaa cheupe, anayejua alama mbili za ile fimbo kuliko anavyojua viganja vyake, atie samli kwenye injini. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wazee. Mimi sikutaka hata kuambiwa.

La pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu la kwanza naweza kusingizia hasira.

Niliisukuma mashine juani. Saa sita mchana samli ililainika, nikafungua kizibo cha chini, ikatoka taratibu. Nikaisuuza injini kwa mazutu kidogo, yaani dizeli, mara mbili. Nikatoa buji, nikamulika kwa tochi kwenye tundu lake. Kwa kuwa sikuamini, nikafungua na kifuniko cha pembeni. Mama, nilitarajia kuona chuma kimekwaruzana, kimebabuka, kimekuwa cheusi kwa joto. Sikuona hata mkwaruzo mmoja. Kuta zilikuwa laini. Kila kilichosugua kilikuwa kimevaa utando mwembamba wa samli yako. Mtu yeyote wa kazi hii angeelewa bila kuelezwa: injini ile iliwashwa ikiwa haina oili, na samli ndiyo iliyoikinga. Ingewashwa kavu ingekufa kabla ya kukata mstari mmoja. Baridi tu ndiyo iliyoigandisha baadaye. Hukuiua mashine yangu. Uliiokoa.

Nililiona hilo kwa macho yangu mawili, bisibisi ikiwa mkononi. Majirani bado walikuwapo. Nikafunga vifuniko, nikatia oili mpya, nikavuta kamba mara moja tu, ikanguruma. Wakapiga makofi.

"Fundi!" wakasema. "Ameifufua!"

Nikapokea sifa hiyo. Nilitabasamu, nikapangusa mikono, nikashuka kilima.

Na haikuishia hapo. Nilikishusha kisa hicho hadi Kitshanga, nikakiweka dukani kama bidhaa. Mteja akija kununua mashine na akasita kununua oili, nilimwambia: "Ununue, baba, usiwe sawa mama mukwe wangu, alilisha injini mafuta ya ng'ombe!" Anacheka, anatoa pesa. Miaka yote hii. Wapo watu hadi kule Buleusa wasiojua jina langu wala lako, lakini wanajua kuna mama mmoja wa milimani aliyeipikia mashine.

Hukuzungumza tena kupitia kwa Gaju. Hata alipokua akazaa, akaja ndama mwingine, hukumtumia. Badala yake ulianza kufunga kitambaa. Nikija siku zangu za Jumamosi nakuta mashine iko nje ya lango, na kijitambaa kimefungwa mahali panapouma: kwenye waya wa buji, kwenye chujio, kwenye bomba la esansi. Nilitengeneza, nikafungua kitambaa, nikakitundika kwenye uzio ujue nimemaliza. Na kila mara, juu ya kigoda karibu na lango, kulikuwa na kikombe cha maziwa kimefunikwa kwa jani la mgomba. Hukuninyima maziwa hata siku moja. Nilikunywa, nikasema moyoni kwamba yamekwisha, umesahau. Mtu aliyekosa hupenda sana kuamini kwamba mwenzake amesahau.

Kuna neno jingine dogo. Solange alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, ulimletea maziwa, mtama, kuku, maharage. Samli, ambayo kwenu mama humpelekea binti yake aliyejifungua, hukuleta. Nilinung'unika. Nilimwambia mke wangu akiwa kitandani na mtoto kifuani: "Mama yako anaitunza kwa ajili ya mashine." Nilidhani nimechekesha. Solange aligeukia ukutani. Alijua kopo lako la samli lilikuwa moja tu na lilikuwa lake, maana ulimwahidi tangu mimba ilipoonekana. Hakujua limekwenda wapi, na hakutaka kukuuliza.

Ulipokufa ilikuwa ghafla. Wiki moja ya homa, basi. Kabla ya kufunga jeneza waliniita nije nikuage. Watu walinipisha. Nilifika nusu ya njia, nikasimama nyuma ya wanaume, nikaangalia viatu vyangu. Walisema: tazama mukwe alivyo na heshima. Haikuwa heshima, Mama. Niliona aibu.

Siku ya kumaliza matanga, ukoo uliketi uani kwako. Baba Mkubwa Zakaria amezeeka sana sasa, anatembelea fimbo mbili, lakini sauti yake bado ni ile ya hukumu. Alisimama kukusifu.

"Huyu mama alikuwa na neno," akasema. "Munakumbuka ile mashine, ng'ombe ya munane? Mwaka ile ya risasi ya Pinga nilikuya kuiangalia. Nilikuya bila kutuma habari, juu ng'ombe haikaguliwe na barua. Nikamukuta peke yake. Nikamwambia: washa. Akaniambia: muzee, nipe kidogo. Akaingia ndani ya nyumba, akatoka na kitu chini ya kitenge, akainama pale kwa mashine. Akavuta. Ikanguruma! Akakata mistari mbili mbele yangu, akazima. Nikasema: ng'ombe iko hai, mutoto atabakia kwa bwana yake. Nikaenda zangu."

Aliketi. Watu wakasema eeh, alikuwa mama kweli. Mimi nilikuwa nahesabu. Mwaka wa risasi za Pinga. Injini tupu, kwa sababu nilisema imwagwe. Mgeni langoni, hakimu wa ndoa yangu, hataki kusikia kwamba mkwe ameahidi chupa. Kopo la samli la binti yako. Ulijua kabisa kwamba si oili. Ulipima hasara mbili ukachagua ile ya kwako. Ulikata mistari miwili tu, kwa sababu ulijua haitavumilia wa tatu.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga. Nilisema yote: chupa kumi na mbili kwenye rafu, Jumamosi, samli, kuta za injini bila mkwaruzo, makofi niliyoyapokea, na miaka ya kicheko niliyouza dukani. Nilisema mbele ya wale majirani waliocheka siku ile, wengine walikuwapo. Solange alikuwa upande wa wanawake. Alipoelewa kopo lilikokwenda alijifunika uso kwa kitenge, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuweza kumkaribia.

Nilingoja Zakaria anitukane. Ningefurahi kama angenitukana.

"Kaa, mutoto," akaniambia. "Alijua."

"Alijua nini, Papa?"

"Alijua kama uliona mashine haikuharibika. Alinielezeaka yote mwaka ile ile, ng'ombe ilipomaliza mwaka wake. Nilitaka kuja kukuuliza mbele ya bantu. Akanikataza. Alisema: 'Nilikuwa nyuma ya uzio. Mashine yenye kuharibika haiwake kwa kuvuta mara moja. Mukwe wangu aliona, njo maana alinyamaza. Mumuache. Atakuja kusema mwenyewe.'"

Akahamisha fimbo zake.

"Hata ile juma ya homa alikuwa anasikiliza njia. Pikipiki ikipita, anauliza: iko mukwe wangu? Siku ya posho njo aliuliza sana, juu ni siku yako ya kupanda kilima. Akakufa mangaribi."

Jumamosi ile sikupanda kilima, Mama. Dukani kulikuwa na watu, alikuja mteja kutoka Walikale anataka mashine lakini hataki oili. Nikamfungulia chupa anuse, nikamsimulia kisa chako. Tulicheka sana.

Nisamehe.

Mkwe wako,
mume wa Solange